Je, wajua kwa nini picha ya skrini ya filamu ilitoka nyeusi?

Kama ulitumia kompyuta miaka ya mwanzo ya 2000, huenda uliwahi kukutana na kioja hiki. Unatazama filamu, sura fulani inakuvutia, unabonyeza kitufe cha kupiga picha ya skrini, kisha unafungua programu ya kuchorea ya Paint na kuibandika. Kila kitu kimo: vitufe vya programu ya video, upau wa chini, saa, alama za mafaili yako. Ila pale filamu ilipokuwa pana mstatili mweusi tii.

Wengi walikata tamaa wakafunga. Waliosahau kuifunga ile programu ya video ndio walioona maajabu. Filamu ikiwa bado inaendelea, walipolisogeza dirisha la Paint hadi ule mstatili mweusi ukae mahali pale pale ilipokuwa filamu, picha iliyokufa ilifufuka. Filamu ilicheza ndani ya Paint! Ukichora mstari mwekundu juu yake, mstari unabaki na filamu inapita nyuma yake. Ukihifadhi faili ukalifungua kesho, weusi umerudi.

Hapakuwa na uchawi wala hitilafu. Filamu haikuwa kwenye Paint, na kusema kweli haikuwa hata kwenye ile programu ya video. Ilikuwa mahali pa tatu.

Tuanze na namna kioo kinavyopata picha. Kadi ya picha, yaani kifaa cha kompyuta kinachopeleka picha kwenye kioo, ina kumbukumbu, na sehemu ya kumbukumbu hiyo hutumika kama ubao: kila pikseli, yaani nukta moja ya kioo, ina nafasi yake humo, na kwenye nafasi hiyo kumeandikwa namba za rangi. Wakati huo programu zote zilichora kwenye ubao huo mmoja. Kisha saketi maalumu ndani ya kadi huusoma, mstari kwa mstari, kushoto kwenda kulia, juu hadi chini, ikipeleka rangi kwenye kioo. Ikifika mwisho hurudi juu na kuanza upya, kwa kawaida mara 60 kila sekunde. Kupiga picha ya skrini kulikuwa ni kuunakili ubao huo tu.

Wahandisi wa kadi wakaongeza ubao wa pili, mdogo, kwa ajili ya video peke yake. Waandishi wa programu huuita ovalei, yaani tabaka linalolazwa juu ya jingine. Saketi inayosoma hupewa agizo moja: ukiingia kwenye mstatili huu, angalia rangi iliyoandikwa kwenye ubao mkuu. Ikiwa ni rangi fulani tuliyokubaliana, itupe, uchukue pikseli ya ubao wa pili badala yake. Ikiwa ni rangi nyingine yoyote, iache ipite. Uamuzi hufanyika pikseli kwa pikseli, njiani, na matokeo yake hayaandikwi popote. Picha kamili, filamu pamoja na madirisha, ipo kwenye waya unaokwenda kwenye kioo, basi.

Rangi hiyo ya makubaliano ndiyo rangi ya ufunguo. Programu ya video iliyotaka kuonyesha filamu haikuchora filamu kwenye dirisha lake. Ilipaka mstatili kwa rangi ya ufunguo, kama fundi anayetoboa ukuta kuacha nafasi ya dirisha, na filamu ikaonekana kupitia tundu hilo. Ulipoibandika picha ya skrini kwenye Paint, ulilibandika tundu. Saketi haijui Paint wala haijui programu ya video. Inajua rangi na mahali. Ikakutana na rangi ya ufunguo mahali ilipoambiwa, ikaweka filamu.

Mtu atauliza: kama mstatili unajulikana, rangi ya ufunguo ya nini? Si ingetosha kusema weka filamu kuanzia pikseli hii hadi ile? Ingetosha siku ambayo hakuna kitu kinachokuja juu ya filamu. Lakini madirisha hufunikana na menyu huteremka. Bila ufunguo, programu ya video ingelazimika kujua kila wakati ni nini kimeifunika na kwa umbo gani. Kwa ufunguo, haihitaji kujua lolote: menyu ikiteremka, pikseli zake zina rangi nyingine, saketi inaziacha zipite, na menyu inaonekana juu ya filamu bila mtu kuhesabu kitu. Mimi huliona hili kuwa mojawapo ya mawazo safi kabisa katika historia ya picha za kompyuta. Tatizo gumu la umbo limegeuzwa kuwa swali jepesi la sawa au si sawa.

Watu wa televisheni walikuwa na mbinu ya jamaa moja: mtangazaji wa hali ya hewa husimama mbele ya kitambaa cha kijani, na kila penye kijani huwekwa ramani. Tofauti ni kwamba kijani cha kamera hakilingani kila mahali, kwa hiyo huchukuliwa kundi zima la rangi za kijani zinazokaribiana. Kwenye kadi ya picha namba lazima ilingane barabara.

Kwa nini basi nyeusi? Rangi kali ya waridi ingekuwa salama zaidi, maana ni nadra kutumika, na wapo walioichagua. Shida ilitokea ulipoburuta dirisha. Ubao mkuu hubadilika kwanza, ovalei inafuata ikichelewa kidogo, na katikati ya hapo ufunguo unaonekana uchi: ukingo wa waridi unaomulika kila unaposogeza. Rangi nyeusi hujificha. Lakini nyeusi kamili, yaani nyekundu 0, kijani 0, buluu 0, haifai, kwa sababu maandishi mengi ni meusi, na dirisha la barua likipita juu ya filamu, kila herufi ingekuwa tundu dogo linaloonyesha filamu. Suluhisho likawa nyeusi ya uongo, kwa mfano nyekundu 16, kijani 0, buluu 16. Jicho linaona nyeusi. Saketi inaona namba ambayo karibu hakuna mwingine anayeitumia.

Sasa, kwa nini kuhangaika kote huku wakati programu ingeweza kuchora filamu kwenye ubao mkuu kama inavyochora kitu kingine? Jibu liko kwenye hesabu.

Fremu, yaani picha moja moja, ya filamu ya DVD kwa mfumo wa televisheni uitwao PAL ina pikseli 720 kwa 576, na fremu ni 25 kila sekunde. Hizo ni pikseli 10,368,000 kwa sekunde. Ukitaka kuijaza skrini ya pikseli 1024 kwa 768, unapaswa kuikuza, na sasa ni pikseli 19,660,800. Kila moja ikichukua baiti nne, unapeleka karibu megabaiti 79 kila sekunde kwenye kadi ya picha. Njia ya PCI iliyounganisha vifaa vingi vya kompyuta za miaka ya 1990 ilikuwa na kikomo cha megabaiti 133 kwa sekunde, na hizo ni za kwenye karatasi, tena mara nyingi zikigawanywa na diski, sauti na mtandao. Juu ya hayo prosesa kuu ilikuwa tayari inahema kwa kuifumua filamu iliyobanwa.

Na kuna jambo la rangi. Video kwa kawaida haihifadhiwi kama nyekundu, kijani na buluu. Huhifadhiwa kama mwanga, yaani picha nzima isiyo na rangi, pamoja na namba mbili zinazoeleza rangi imeelekea wapi. Huu ni urithi wa siku televisheni ya rangi ilipoanza na kulazimika kuonekana pia kwenye seti za zamani za nyeusi na nyeupe. Urithi huo ulikuja na faida: jicho la binadamu lina ukali zaidi kwenye mwanga kuliko kwenye rangi, kwa hiyo pikseli nne jirani zinaweza kugawana jozi moja ya namba za rangi na mtazamaji asigundue. Badala ya biti 24 au 32 (baiti moja ni biti nane), kila pikseli inahitaji 12 tu. Ila kioo hakiielewi lugha hiyo. Lazima kila pikseli ibadilishwe kuwa nyekundu, kijani na buluu kwa kuzidisha na kujumlisha, mara milioni kumi na zaidi kwa sekunde.

Ovalei iliondoa mizigo yote miwili kwa mpigo. Programu ilipeleka fremu kama zilivyo, kwa biti 12, ambazo kwa DVD ni karibu megabaiti 15.6 kwa sekunde, moja ya tano ya zile 79. Kugeuza rangi na kukuza vilifanywa na saketi yenyewe wakati wa kusoma. Dirisha liwe dogo kama stempu au lijae kioo kizima, gharama kwa prosesa ilikuwa ile ile.

Kwa mwandishi wa programu, kazi haikuwa ndefu. Kwenye Windows alitumia DirectDraw, njia ya programu kuifikia kadi ya picha, iliyotoka mwaka 1995. Kwenye mifumo ya jamii ya Unix, kama Linux, nyongeza iitwayo Xv. Aliiuliza kadi kama ina ovalei na inakubali mpangilio gani wa pikseli, akaomba nafasi ya kumbukumbu, akapaka ufunguo, akataja mstatili, kisha akaanza kumimina fremu, akibadilishana kati ya nafasi mbili ili saketi isikutwe ikisoma fremu iliyoandikwa nusu. Mitego yake lakini ilikuwa maarufu. Mipangilio miwili ya kawaida, YV12 na I420, hutofautiana kwa mpangilio wa zile namba mbili za rangi tu. Ukizikosea, filamu inacheza vizuri kabisa na kila mwenye uso ana uso wa buluu. Mtego mwingine ni urefu wa mstari: kadi huweza kuacha nafasi tupu mwishoni mwa kila mstari wa kumbukumbu, na ukisahau kuiruka, picha inalala upande kama nyumba inayoanguka.

Matangazo ya moja kwa moja ya televisheni kwenye kompyuta yalikuwa na njia yake, ya ajabu zaidi. Chipu ya Bt848, iliyotumika kwenye kadi nyingi za televisheni za mwishoni mwa miaka ya 1990, iliweza kuandika picha moja kwa moja ndani ya kumbukumbu ya kadi ya picha bila kumsumbua prosesa. Kufunikwa na menyu kulishughulikiwa bila ufunguo: chipu ilipewa orodha ya maagizo kwa kila mstari, andika pikseli kadhaa, ruka kadhaa, andika tena. Dirisha likihama, orodha nzima inaandikwa upya. Programu ikichelewa, televisheni inapaka rangi juu ya menyu yako. Ukilinganisha hapo ndipo unaona jinsi rangi ya ufunguo ilivyokuwa na akili.

Ovalei nayo ilikuwa na umaskini wake. Kadi nyingi zilikuwa nayo moja tu, hivyo programu ya pili ya video ilipofunguliwa ilikosa nafasi. Mwenye vioo viwili mara nyingine aliona filamu kwenye kimoja, akihamishia kingine anakuta mstatili mweusi.

Kilichoimaliza ni uzuri. Windows Vista, iliyofika kwa wanunuzi wa kawaida mwaka 2007, ilianza kulipatia kila dirisha ubao wake na kuzichanganya mbao hizo kwa prosesa ya picha, zikiwa na vivuli na kingo zinazopitisha mwanga. Ukishachanganya rangi, ufunguo unaharibika: namba haiwi tena ile ile. Programu ya zamani ikidai ovalei, Vista ilizima mapambo yake yote ili kumpisha mgeni huyo. Filamu ikahamia kwenye mchanganyiko pamoja na kila kitu kingine, na picha za skrini zikaanza kuwa na filamu ndani yake.

Ila matabaka hayakufa, kwa sababu kuchanganya kunakula umeme: kila fremu isomwe, ichanganywe, iandikwe upya, isomwe tena. Kwenye simu hiyo ni betri. Ndiyo maana Android ina nyenzo ya waandishi wa programu iitwayo SurfaceView, ambayo bado hutoboa tundu kwenye dirisha la programu, na saketi ya kioo huchukua video kutoka tabaka lake wakati prosesa ya picha imepumzika. Windows 8.1 ilirudisha matabaka mwaka 2013, na Linux inayo pia. Siku hizi tundu ni upenyo halisi wa mwanga, si rangi ya uongo, na mfumo unapopiga picha ya skrini huyakusanya matabaka yote kwanza. Ukipata mstatili mweusi leo, kwa kawaida ni makusudi: filamu imelindwa, na kumbukumbu yake imefungwa isisomwe na programu za kawaida.

Na yupo jamaa mmoja wa ovalei ambaye hakuondoka hata siku moja: mshale wa kipanya. Huyo kwa kawaida ana tabaka lake dogo, kwenye kadi nyingi pikseli 64 kwa 64, ndiyo maana huteleza juu ya kila kitu bila kuchora upya kilicho chini yake. Piga picha ya skrini ya kompyuta yako sasa hivi, umtafute.