Ubatili wa urembo katika ushairi wa kejeli wa Uingereza, karne ya 18

Ukifungua mashairi ya kejeli yaliyoandikwa kwa Kiingereza katika karne ya 18, hufiki mbali kabla hujakutana na meza ya kujipambia. Ina kioo, poda, vitana, manukato na pini. Washairi waliirudia meza hiyo kwa zaidi ya miaka hamsini, na wahakiki wanapozungumzia ubatili wa urembo katika fasihi ya wakati ule, mara nyingi ndiyo wanayoifikiria.

Dhana hiyo haisemi kwamba uzuri ni dhambi. Wala si mahubiri ya kuwakemea wanawake wanaojipamba, ingawa wengi wameyasoma mashairi haya hivyo, na machache yanastahili kusomwa hivyo. Ubatili unaokusudiwa ni kukosea vipimo: jambo dogo linapewa uzito wa jambo kubwa, na jambo kubwa linachukuliwa kimzaha. Nyuma ya wazo hili kulikuwa na vitabu viwili ambavyo kila msomi wa zama hizo alivifahamu. Cha kwanza ni Mhubiri katika Biblia, kinachosema mambo yote ni ubatili. Cha pili ni beti za Juvenal, mshairi wa Roma ya kale, aliyewacheka watu wanaowaomba miungu utajiri, madaraka na watoto wenye sura nzuri, kisha vyote hivyo vikawaangamiza.

Shairi linaloieleza dhana hii vizuri kuliko yote ni The Rape of the Lock la Alexander Pope. Kisa chake ni cha kweli. Lord Petre, kijana wa ukoo tajiri wa Kikatoliki, alimkata Arabella Fermor shungi la nywele bila ruhusa. Familia mbili zikanuniana. John Caryll, rafiki wa pande zote, akamwomba Pope aandike kitu cha kuwachekesha ili yaishe. Mwaka 1712 likatoka shairi fupi la sehemu mbili. Mwaka 1714 Pope alilitanua hadi sehemu tano, na 1717 akaongeza hotuba moja ambayo tutaifikia.

Mbinu yake ilikuwa kuchukua ugomvi wa nywele na kuupa umbo la utenzi wa vita. Vifaa vyote vya utenzi vimo: dua ya kufungulia, viumbe wasioonekana wanaomlinda shujaa, safari ya majini, pambano, mazimwi ya kuzimu. Ila shujaa ni Belinda, msichana anayeamka saa sita mchana. Safari ni ya mashua kwenye mto Thames kwenda kasri la Hampton Court. Pambano la kwanza ni mchezo wa karata, na la mwisho analimaliza kwa kumrushia adui yake ugoro puani na kumtishia kwa pini ya nywele. Roho za hewani hamsini zimepewa zamu ya kulinda gaguro lake. Msomaji aliyezoea tenzi zetu za vita atauelewa mzaha huu mara moja, kwa sababu kinachochekesha ni tofauti ya ukubwa kati ya sauti na jambo linalosimuliwa.

Tazama meza yenyewe ya Belinda. Pale ambapo mashairi ya kale humwonyesha shujaa akivaa deraya na kuchukua upanga, Pope anamwonyesha Belinda mbele ya kioo, na anasema urembo sasa unavaa silaha zake zote. Kisanduku kimoja kina vito vya India, kingine kinatoa harufu ya Arabuni nzima. Kobe na tembo wamekutana pale wakiwa wamegeuka vitana, kimoja cha madoadoa na kingine cheupe. Halafu unakuja mshororo mmoja wenye vitu vitano vimepangwa kama bidhaa dukani: vya kupakia poda, poda zenyewe, vidoa, Biblia, barua za mapenzi. Vidoa ni vipande vidogo vya hariri nyeusi vilivyobandikwa usoni. Biblia imewekwa katikati ya vidoa na barua, wala Pope hasemi neno la kulaumu. Mpangilio unatosha.

Anaufanya mchezo huohuo kwa vitenzi. Roho zinaogopa kwamba leo msichana atatia doa heshima yake au gauni lake jipya, kwamba atasahau sala au atakosa dansi ya vinyago, kwamba atapoteza moyo au mkufu. Kitenzi kimoja kinabebeshwa vitu viwili visivyolingana, na katika akili ya Belinda vyote viwili vina bei moja. Umbo la shairi linasaidia: mishororo inakwenda miwili miwili yenye kina kimoja, kila mshororo mizani kumi, na hivyo mambo mawili yanakaa kama kwenye sahani mbili za mizani ya duka. Hakuna haja ya kueleza kwamba hayalingani.

Ila Belinda hayuko peke yake. Katikati ya starehe za Hampton Court Pope anapenyeza, kana kwamba anapita tu, kwamba saa ile mahakimu wenye njaa wanaharakisha kutia saini hukumu, na wanyonge wananyongwa ili wazee wa baraza wawahi chakula. Nadhani huo ndio mshororo mkali kuliko yote katika shairi zima. Msichana aliyelia kwa ajili ya shungi hajamuua mtu. Wanaume nao wana vioo vyao: yule Baroni mkata nywele, kabla ya safari, anajenga madhabahu kwa vitabu kumi na viwili vya mapenzi vya Kifaransa, anaweka juu yake kamba tatu za soksi na nusu ya jozi ya glavu, kisha anaiwasha kwa barua za wapenzi wake wa zamani. Mwenzake Sir Plume fahari yake ni tabakero ya kaharabu na jinsi anavyoshika fimbo.

Sasa ile hotuba ya 1717. Belinda akiwa amepandwa na hasira, anasimama mwanamke aitwaye Clarissa na kusema maneno ya busara. Kama kucheza usiku kucha na kuvaa mchana kutwa kungefukuza ndui au kuzuia uzee, nani angejali kazi za nyumbani? Lakini uzuri utachakaa, nywele ziwe za mawimbi au zilizonyooka zitaota mvi, kwa hiyo lililobaki ni kutunza moyo mwema. Uzuri hupiga jicho, wema ndio unaoshinda roho. Vitabu vingi vya shule vinakomea hapo na kutangaza kwamba hilo ndilo funzo la shairi. Lakini aliyemkabidhi Baroni mkasi alikuwa Clarissa huyohuyo, na baada ya hotuba yake, Pope anasema, hakuna aliyepiga makofi. Funzo lipo, ila mshairi kalitia kinywani mwa mtu mwenye mkono mchafu na kulipa hadhira isiyosikiliza.

Neno la kushika katika hotuba hiyo ni ndui. Sisi tunalisoma leo kama mfano tu, kwa sababu ugonjwa huo haupo tena duniani. Kwao ulikuwa mlangoni. Lord Petre aliyekata shungi alikufa kwa ndui mwaka 1713, kabla toleo kubwa la shairi halijatoka. Waliopona walibaki na makovu, na vile vidoa vya hariri na unga mweupe wa madini ya risasi vilikuwa namna ya kuyaficha. Unga huo ulikuwa sumu. Maria Gunning, mke wa Lord Coventry na mmoja wa warembo waliosifiwa zaidi London, alikufa mwaka 1760 watu wakiamini vipodozi ndivyo vilivyomuua.

Uso ulikuwa na thamani ya fedha pia. Binti wa tabaka la juu hakuwa na chuo kikuu cha kumpokea wala ofisi ya umma ya kumwajiri. Akiolewa, mali yake kwa kawaida iliingia mikononi mwa mume. Kilichopangwa mezani wakati wa kutafutiwa ndoa kilikuwa mali ambayo baba angempa aende nayo kwa mume, na sura yake, basi. Ukilijua hilo, saa za Belinda mbele ya kioo hazionekani tena kama uvivu. Ni kazi, tena kazi yenye hasara kubwa ikiharibika.

Aliyelisema hilo wazi alikuwa mwanamke. Lady Mary Wortley Montagu, mtu wa karibu na Pope kabla hawajawa maadui, aliugua ndui Desemba 1715 na kupoteza kope zake. Ndugu yake wa kiume alikuwa tayari ameuawa na ugonjwa huo. Mwaka uliofuata aliandika shairi ambalo ndani yake Flavia amejilaza kitandani, kioo amekishika kinyume, analilia uso uliokuwa ukimletea tiketi za opera, zawadi na wachumba. Dhihaka ipo, kwa sababu orodha ya anayoyalilia ni ya mapambo matupu. Lakini mtunzi anamcheka Flavia akijua maumivu yake kwa ngozi yake mwenyewe. Baadaye, akiwa Constantinople (Istanbul ya leo) na mumewe balozi, aliona jinsi watu wa huko walivyochanja ndui. Akamchanja mwanawe huko mwaka 1718, na binti yake London mwaka 1721, jambo lililoitangaza chanjo hiyo Uingereza.

Jonathan Swift, padri mkuu wa kanisa la St Patrick's mjini Dublin, alikuwa na mkono mzito zaidi. Katika shairi lake la mwaka 1732 kuhusu chumba cha kuvalia cha bibi mmoja, Celia ametumia saa tano kujipamba na ametoka. Mpenzi wake Strephon anaingia kwa kunyemelea na kupekua kitu kimoja baada ya kingine: fulana yenye jasho, vitana vilivyoziba kwa uchafu, beseni, taulo, hadi chombo cha haja. Anatoka amevurugwa, na tangu siku hiyo kila mwanamke amwonaye anamnukia uvundo. Kuna wanaolisoma kama chuki tupu ya wanawake, na sitawabishia sana, maana Swift anaonekana kuufurahia uchafu ule. Hata hivyo anayeadhibiwa mwishoni ni Strephon. Aliamini mpenzi wake ni malaika, na huo nao ni ubatili: mwanamume kupenda picha aliyoichora mwenyewe kichwani. Lady Mary alimjibu Swift mwaka 1734 kwa shairi lililodai kwamba padri alikwenda kwa kahaba, akashindwa kazi, akadai fedha zake, akanyimwa, ndipo akaandika kwa hasira. Hakuna jibu la kistaarabu lililotarajiwa, wala halikutolewa.

Mwaka huohuo wa 1734 Swift alichapisha shairi la Corinna, kahaba wa mtaa wa Drury Lane anayerudi chumbani usiku wa manane na kujivua vipande vipande: wigi, jicho la kioo, nyusi za ngozi ya panya, meno ya bandia, vitu vya kujazia mashavu. Unaanza ukicheka. Kisha unafika kwenye vidonda anavyovifunga na ndoto zake za jela na viboko, na kicheko kinakosa pa kukaa. Mshairi huyohuyo alimwandikia rafiki yake Esther Johnson, aliyemwita Stella, mashairi ya siku ya kuzaliwa yanayotania unene na umri wake. Mwaka 1719 anamwambia ana miaka 34, tusibishane kwa mmoja au zaidi, ilhali alikuwa na 38. Akili yake ndiyo anayoisifu. Kwa Swift, ndivyo mtu anavyopendwa bila kudanganyana.

Kufikia katikati ya karne dhana ilikuwa imeenea kiasi cha kutumika popote. Thomas Gray aliihamishia kwa paka wa rafiki yake Horace Walpole, paka aliyezama akivua samaki wa dhahabu baada ya kujitazama majini na kuridhika na alichokiona. Samuel Johnson, akimfuata Juvenal mwaka 1749, hakucheka hata kidogo. Kwake uzuri ni ombi moja kati ya maombi mengi ya binadamu, pamoja na mali, vyeo na elimu, na mama anayemwombea mwanawe sura nzuri anakumbushwa vimada wa wakuu na wafalme waliokuja kuilaani sura hiyohiyo.

Kuna mtumishi ambaye mashairi haya hayamjali sana. Jina lake ni Betty, kwa Pope na kwa Swift pia. Kwa Pope anasifiwa kwa kazi iliyofanywa na roho za hewani. Kwa Swift ana shughuli nyingine, ndiyo maana Strephon anapata nafasi ya kuingia. Mary Leapor, aliyewahi kuwa mtumishi wa jikoni huko Northamptonshire, aliutumia mtindo uleule wa Pope kuandika kuhusu Dorinda, mrembo aliyezeeka anayejiangalia kwenye kioo. Dorinda halaani wala hachungulii chumba cha mtu. Anawaambia wenzake wa umri wake wavue utepe wa rangi kali, watoe karatasi na vipande vya risasi vinavyofungwa kwenye nywele ili zijikunje, maana kichwa kinauma. Ni shauri la mtu anayejua vitu hivyo vina uzito gani. Leapor alikufa kwa surua mwaka 1746 akiwa na miaka 24. Mashairi yake yalichapishwa mwaka 1748 na 1751, na wahakiki wengi hawakumgeukia hadi karne ya 20 ilipokaribia kwisha.