Sisti ya Gartner sio kizazi kushuka

Juzi tena kwenye benchi la kliniki, mama mwenye mimba ya miezi saba anawasimulia wenzake kwamba akiwa anaoga kagusa kitu laini kama ndimu kinachungulia ukeni, wote wakamjibu "kizazi hicho kimeshuka, ulibeba ndoo nzito". Kuja kuangaliwa, sisti ya Gartner. Nimesikia hivi mara nyingi mno jamani.

Sisti ni kifuko chenye majimaji ndani. Hii inakaa kwenye ukuta wa uke, mbele kwa ubavuni, nyingi hazifiki sentimita 2, na sio kansa.

Ila inakotoka ndo watu hawajui. Wiki za mwanzo tumboni kila mtoto, wa kike na wa kiume, ana mirija ya Wolff, jina la Mjerumani Caspar Friedrich Wolff wa karne ya 18. Kwa wa kiume homoni za korodani zinaitunza inakuwa njia ya mbegu, kwa wa kike inanyauka, lakini haiishi yote kila mara, vipande vinabaki kando ya uke, na Hermann Gartner wa Denmark aliviandika mwaka 1822. Kipande kikijaa maji ndo hiyo sisti. Yani mama kazaliwa na hicho kipande, ndoo haihusiki kabisa! Na kwa vile mrija unaotoa mkojo figoni kuupeleka kibofuni unachipukia kwenye huohuo wa Wolff, daktari akikuta sisti hii anaweza kupiga ultrasaundi ya figo pia, mwache apige.

Kizazi kikishuka kinachotangulia ni mlango wake, na una tundu katikati. Sisti haina tundu, na mkunga akipitisha kidole pembeni anaukuta mlango wa kizazi uko juu mahali pake. Kibofu kilichoshuka nacho kinapungua ukishakojoa, sisti inabaki vilevile.

Kawaida inaachwa mpaka ajifungue, ikiwa kubwa inaziba njia ya mtoto inaweza kunyonywa maji kwa sindano, wala sio lazima upasuaji.

Kwa hiyo mama, ukigusa kitu kama hicho mwambie nesi "nina uvimbe ukeni, naomba uniangalie", jina la uvimbe mwachie yeye akishaangalia.