Picha za ubongo baada ya kiharusi: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Panapowaka nyekundu ndipo panapopona."
Sivyo. MRI ni mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kwa nguvu ya sumaku. Ile inayotoa picha hizi za rangi haioni mishipa ya fahamu ikipeleka habari; inafuatilia damu. Sehemu ya ubongo ikifanya kazi, damu yenye oksijeni hukimbilia hapo, na damu hiyo huitikia sumaku tofauti na ile iliyopungukiwa oksijeni. Mtafiti Seiji Ogawa na wenzake walilionyesha hilo mwaka 1990. Rangi hutiwa na kompyuta baada ya hesabu nyingi, na hesabu zikifanywa ovyo hata mfu huonekana anafikiri: mwaka 2009 watafiti wa Marekani walimwingiza samaki aina ya samoni, aliyekwisha kufa, ndani ya mashine, wakapata vidoa vyekundu kichwani mwake. Walifanya makusudi, kuwaonya wenzao.

"Rangi ikizidi, nafuu imezidi."
Hili ndilo linalonigusa zaidi, kwa sababu ukweli wake ni kinyume cha matarajio. Mgonjwa hulazwa ndani ya mashine, akaambiwa abane kishikio kwa mkono ulioathirika. Siku za mwanzo ubongo huhangaika pande zote mbili, hata upande usioguswa na kiharusi. Mtafiti Nick Ward na wenzake wa London waliwapima wagonjwa tena na tena kwa miezi, wakachapisha matokeo mwaka 2003: kadiri mkono ulivyorudi, ndivyo maeneo mengi yaliyokuwa yakiwaka yalivyotulia. Kwa hiyo picha iliyofifia inaweza kuwa habari njema kabisa.

"Seli zilizokufa huota upya."
Zilizokufa ndiyo basi. Zilizosalia ndizo zinazoimarisha miunganisho yake na kutoa matawi mapya. Ipo MRI nyingine inayofuatilia maji yanavyosambaa kando ya nyuzi za neva, na kwayo huonekana njia inayopeleka amri kwa mkono: hutoka sehemu ya juu ya ubongo, ikavuka upande wa pili kwenye sehemu ya chini ya shina la ubongo, ikateremka uti wa mgongo. Njia hiyo ikisalimika kwa kiasi kikubwa, mkono una matumaini makubwa zaidi.

"Miezi sita ikipita, usijisumbue."
Kweli, nafuu ya haraka huja miezi mitatu ya mwanzo. Lakini mwaka 2000 mtafiti Joachim Liepert na wenzake walichapisha habari za wagonjwa waliokwisha kuvuka miezi 6. Mkono usioathirika ulizuiwa, ule dhaifu ukafanyishwa mazoezi makali kwa siku 12. Walipoupima ubongo kwa mipigo ya sumaku, eneo linaloendesha mkono dhaifu lilikuwa limepanuka.

"Bila picha hizo hakuna tiba."
Jamani, msiuze shamba kwa ajili hii. Saa za mwanzo kinachohitajika haraka ni CT scan ya kawaida, yaani picha ya kichwa kwa eksirei, ijulikane kama mshipa umepasuka au umeziba, maana dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ni hatari kwa anayevuja damu. MRI ya rangi bado ni kifaa cha watafiti zaidi, na mazoezi ya viungo huanza bila kuisubiri.