Moyo baada ya mechi ya raketi: yanayosemwa kiwanjani na ukweli wake

Dhana: Mchezaji mwenye pumzi hurudisha moyo kawaida kabla ya pointi inayofuata.

Hawezi, hata awe bingwa. Kanuni za tenisi zinampa sekunde 25 kati ya pointi moja na nyingine, na sekunde 90 wakati wa kubadilishana upande. Baada ya gemu ya kwanza ya kila seti hata kuketi hakuna. Mapigo hupungua ndani ya muda huo, lakini hayafiki karibu na yale ya mtu aliyepumzika. Ndiyo maana mechi ya mmoja kwa mmoja mara nyingi huchezwa moyo ukiwa kwenye asilimia 70 hadi 80 ya kilele chake. Aliyefanya mazoezi ya kutosha huwazidi wenzake kwa jambo moja: katika sekunde zilezile, mapigo yake hushuka zaidi.

Dhana: Mapigo yakishuka kwa 12 au pungufu katika dakika ya kwanza baada ya kuacha kucheza, una ugonjwa wa moyo.

Hii ndiyo inayotia watu hofu, na wengi wanaoitaja hawajui ilikotoka. Mwaka 1999 madaktari wa Cleveland Clinic, Marekani, walichapisha utafiti wa watu wazima 2,428 waliopelekwa kupimwa moyo kwenye mashine ya kukimbilia. Walipofika kileleni hawakusimamishwa ghafla. Waliendelea kutembea polepole, na dakika moja baadaye mapigo yakahesabiwa. Wale ambao yalishuka kwa 12 au pungufu walikufa kwa wingi zaidi katika miaka sita hivi iliyofuata. Hiyo ni hatari iliyoonekana katika kundi, tena kundi la hospitali. Haimtambulishi mgonjwa mmojammoja.

Halafu kiwanja cha saa nane mchana si maabara. Mwanzoni mapigo hushushwa hasa na neva ya vegasi, inayorudi kazini mara tu unapoacha kukimbia. Adrenalini, homoni inayoharakisha moyo, hupungua taratibu baadaye. Joto na upungufu wa maji mwilini huchelewesha yote hayo. Mkao nao una lake: ukiketi, mapigo hushuka haraka kuliko ukitembea. Kama jana ulipima umekaa na leo unatembea, usizilinganishe namba hizo. Kuzirai, maumivu ya kifua au mapigo yanayorukaruka, hayo mpelekee daktari hata kama namba yako inapendeza.

Dhana: Ukiacha kukimbia ghafla au ukinywa maji baridi, moyo unasimama.

Ukiacha kukimbia ghafla na kusimama tuli, damu hutuama miguuni na kizunguzungu kinaweza kukushika, kwa hiyo tembeatembea kidogo. Maji baridi kwa mwenye afya hayana neno. Kunywa.

Dhana: Saa ya mkononi inayopima mapigo haikosei.

Saa hizi husoma damu kwa mwanga kupitia ngozi, na mkono wa raketi unakaza misuli na kutikisika kila pigo. Ivae mkono wa pili, isibane wala isilegee. Anayetaka namba za kuaminika zaidi atumie mkanda wa kifuani.