Acheni kung'oa themostati

Haupiti muda mrefu kabla mteja mwingine hajaniambia kwa fahari kwamba fundi wake "aliing'oa ile takataka" na gari likaacha kuchemsha. Takataka yenyewe ni themostati, valvu inayofungua na kufunga njia ya maji kati ya injini na rejeta inayoyapoza. Sababu ni ileile kila siku: kwetu kuna joto, ile iliwekwa kwa ajili ya nchi za baridi. Nimechoka kujibu mmoja mmoja.

Themostati haijui hali ya hewa. Inachojua ni joto la maji ya injini, basi. Ndani yake kuna nta iliyofungiwa kwenye kikombe cha shaba. Maji yakifika nyuzi zilizogongwa kwenye bati lake, mara nyingi 82 au 88, nta inayeyuka, inatanuka na kuisukuma valvu ishindane na springi. Haifunguki kwa mkupuo. Inaachia kidogo kidogo mpaka nyuzi 10 au 15 mbele. Ukiing'oa, injini inachelewa kupata moto au haipati kabisa. Kwenye gari la injekta, sensa inaiambia kompyuta injini bado baridi, petroli inazidishwa, na ile ya ziada inaosha oili kwenye kuta za silinda. Unyevu nao haukauki: unafungua kifuniko cha oili unakuta utando wa rangi ya maziwa, unaanza kulia kwamba gasketi ya hedi, inayotenga maji na oili, imekufa, kumbe injini haipati joto tu.

Hayo ningeyavumilia. Kinachonikera ni kwamba kwenye injini nyingi, kung'oa themostati ndiko kunakochemsha gari. Itazame vizuri kabla ya kuitupa. Ikiwa chini yake, upande wa springi, kuna kisahani kidogo, hiyo ina kazi mbili. Injini ikiwa baridi, mlango mkubwa wa rejeta umefungwa na njia ya mkato, yaani baipasi, iko wazi, maji yanazunguka ndani kwa ndani. Injini ikipata moto, mlango mkubwa unafunguka na kisahani kinaziba baipasi. Sasa ng'oa yote: milango miwili iko wazi daima, na sehemu ya maji yanayotoka kwenye hedi yakitokota inarudi kwenye pampu bila kuiona rejeta. Barabara ya tambarare hutagundua. Panda mlima umejaza abiria, ndipo geji itakuonyesha.

Ndiyo maana wakati wa kununua sikubali "hii inaingia". Mdomo unaweza kulingana kabisa, lakini themostati ikiwa fupi, kisahani hakiifikii baipasi na umerudi palepale. Ziweke mpya na ya zamani bega kwa bega, upime urefu.

Halafu kuna wale wa "bila themostati maji yanapita haraka mno, hayapati muda wa kupoa". Hata mafundi wazuri wanalisema hili. Lakini maji yakikimbia kwenye rejeta, yanakimbia pia kwenye injini. Kila lita inapoa kidogo, lakini lita zinazopita ni nyingi zaidi. Nakiri zipo injini zisizo na kisahani ambazo bado huchemsha zikikosa themostati. Nadhani ni kwa sababu themostati huyabana maji kidogo, presha ndani ya bloku inabaki juu, na maji yaliyozunguka valvu za ekzosi hayageuki mvuke. Siwezi kuapa.

Kuipata: fuata hosi ya juu ya rejeta hadi inapoingia kwenye injini, utakuta kifuniko chenye bolti mbili au tatu. Si lazima iwe hapo. Toyota nyingi za miaka ya 1990 zinaiweka upande wa hosi ya chini, na kwenye Golf za zamani iko chini kabisa, kwenye pampu. Kwa hizo, kushika hosi ya juu ukisubiri ipate moto ghafla ni kujidanganya, maana itapata moto hata themostati ikiwa imefunga. Shika ya chini.

Kubadilisha ni kazi ndogo, injini ikiwa imepoa kabisa. Kinga maji yanayomwagika: kulanti, dawa inayochanganywa kwenye maji ya rejeta, ni tamu na inaua mbwa na paka. Bolti ikigoma usiilazimishe, alumini haina huruma. Mwagia mafuta ya kutu, gonga taratibu, rudisha mbele na nyuma. Springi iangalie injini, kile kitundu chenye kipini kinachocheza kiwe juu ili hewa itoke. Silikoni, kama inahitajika, iwe utando mwembamba, usipake kama unapiga plasta, kwa sababu kinachofurika ndani hung'oka na kwenda kuziba rejeta.

Kuijaribu kwenye sufuria ya maji moto kunasaidia nusu. Isipofunguka, imekufa. Ikifunguka, bado inaweza kukwama kesho. Nikishafungua kifuniko, ya zamani sirudishi.

Ukimaliza, inua pua ya gari, weka hita kwenye moto kabisa, acha kifuniko cha rejeta wazi tangu injini ikiwa baridi, washa na ujaze mapovu yanapotoka mpaka feni iwake. Asubuhi angalia maji tena.

Na ukifungua ukakuta tundu tupu, jiulize aliyeing'oa alikuwa anaficha nini. Mara nyingi ni rejeta iliyoziba, feni isiyowaka au gasketi ya hedi inayovuja. Ukiweka themostati mpya gari likachemsha siku hiyohiyo, usije kuniambia nimeliharibu. Anza na feni, kisha ipapase rejeta ikiwa na moto, feni ikiwa imezimwa: penye baridi ndipo palipoziba.