Chakra ya Kitovuni: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Kisumu si mji mgeni kwa mambo ya Kihindi. Reli ilipofika ziwani mwaka 1901, mji ukingali ukiitwa Port Florence, wafanyabiashara na mafundi kutoka Bara Hindi walikuja nayo, na mahekalu ya jamii zao yamesimama mjini hadi leo. Hata hivyo, habari za chakra, yaani vituo vya nguvu ambavyo mapokeo ya Kihindi husema vimo mwilini, zinazosambazwa siku hizi kwa simu hazikutoka mahekaluni humo. Nyingi zimepitia Ulaya na Marekani kabla ya kutufikia, na njiani zimetiwa chumvi nyingi. Chakra inayotajwa sana ni ya tatu, Manipura, ile ya kitovuni, ambayo husemwa kwamba ndiyo inayotawala kujiamini, hasira na umeng'enyaji wa chakula. Mazoea mengi yanayopendekezwa ili kuisawazisha ni mazuri, lakini sababu zinazotolewa kuyaeleza mara nyingi si sahihi, na mojawapo yaweza kumgharimu mtu uhai.

Dhana: Chakra hii ni kiungo kilichomo tumboni

Kilichomo mwilini ni mtandao wa neva ulio nyuma ya tumbo la chakula, mbele ya mshipa mkuu wa damu, ambao hushiriki kuongoza kazi za tumbo, ini, kongosho na sehemu kubwa ya utumbo. Daktari wa upasuaji anaweza kuuonyesha. Chakra haionyeshwi hivyo, kwa kuwa tangu mwanzo ilikuwa mahali pa kuelekeza fikira wakati wa kutafakari. Maandiko ya Kisanskriti ya mwaka 1577, ambayo ndiyo chimbuko la sehemu kubwa ya mafundisho ya sasa, yanaieleza kama ua la petali kumi lenye moto na silabi takatifu ndani yake, ilhali mapokeo fulani ya Kibuddha yaliyoyatangulia yana chakra nne tu, na ile ya kitovuni ina petali 64. Mapokeo hayo mawili yangebishana kama yangekuwa yanahesabu mbavu. Kwa picha za kutafakari, hakuna ubishi wowote.

Dhana: Rangi yake ni manjano, kwa hiyo vyakula vya manjano huiponya

Katika maandiko hayo ya 1577, petali zenyewe ni nyeusi mithili ya mawingu ya mvua, na moto ulio katikati ni mwekundu. Mpango wa kuzipa chakra saba rangi za upinde wa mvua ulienea Magharibi katika karne ya 20. Viazi vitamu vya rangi ya chungwa, ambavyo vimehimizwa sana miongoni mwa wakulima wa magharibi mwa Kenya, vina manufaa makubwa, ila manufaa hayo yanatokana na beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A kwa ajili ya macho na kinga. Mnavu na mrenda zinazouzwa katika soko la Kibuye mjini Kisumu zina karotini hiyohiyo, isipokuwa imefichwa na ukijani wa majani. Anayechagua chakula kwa kuangalia umanjano wake tu ataziruka mboga hizo bila sababu.

Manjano ya unga nayo ni kiungo kizuri cha mchuzi. Kemikali yake inayosifiwa, kurkumini, ni asilimia chache tu ya unga huo, na mwili huifyonza kwa shida, ingawa pilipili manga na mafuta husaidia. Kwa maneno mengine, mpishi wa pilau amekwishaitumia vyema kuliko anayeikoroga katika maji ya moto asubuhi.

Dhana: Kuungua kwenye chembe cha moyo ni dalili ya chakra iliyoziba

Hapa ndipo penye hatari. Kwa miaka mingi hata madaktari waliamini kwamba vidonda vya tumbo huletwa na mawazo na pilipili, hadi Barry Marshall na Robin Warren walipobaini huko Perth, Australia, mapema katika miaka ya 1980, kwamba chanzo kikubwa ni bakteria aitwaye Helicobacter pylori. Marshall alimnywa bakteria huyo mwenyewe mwaka 1984 ili kuthibitisha kwamba huwasha tumbo, na mwaka 2005 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel. Chanzo kingine ni dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki, ambazo wengi wetu huzinunua dukani na kuzimeza kila mgongo unapouma, mara nyingine kabla ya kula chochote.

Bakteria huyo hupimwa kwa kinyesi au kwa pumzi, na hutibiwa kwa dawa mbili au zaidi za kumuua pamoja na ya kupunguza asidi, kwa kawaida kwa siku 14. Hakuna mkao wa yoga unaofanya kazi hiyo. Anayetapika damu, anayepata choo cheusi kama lami, au anayekonda bila kujua sababu, anapaswa kwenda hospitalini siku hiyohiyo. Na maumivu ya chembe cha moyo yanayoambatana na jasho jembamba, yakapanda taya au mkono wa kushoto, yaweza kuwa ya moyo wenyewe, wala hayapaswi kusubiri kipindi cha kutafakari kiishe.

Hata hivyo, wanaosema kwamba wasiwasi hukaa tumboni hawakukosea kabisa. Utumbo na ubongo huwasiliana pande zote mbili, na wapo wengi wanaopimwa wasikutwe na kidonda, huku maumivu yao yakizidi wanapokuwa na hofu ya karo au kodi. Kwa watu hao, kupumua polepole na kutembea kuna nafasi halali katika matibabu.

Dhana: Anayepumua kwa mtindo wa yoga amekaribisha mapepo

Swali hili huulizwa sana makanisani kwetu na linastahili jibu la heshima. Chakra zina asili ya kidini, na kusema kwamba hazina ni kumdanganya mwulizaji na kuwadharau Wahindu kwa pamoja. Lakini kuvuta pumzi hadi tumbo liinuke, kuitoa taratibu kuliko ilivyoingia, takriban mara sita kwa dakika, ni kazi ya msuli unaotenganisha kifua na tumbo, na hupunguza mapigo ya moyo ya Mkristo, Mwislamu na asiye na dini vilevile. Asiyetaka kutamka silabi ya Manipura aiache, pumzi haitapungua.

Dhana: Pumzi ya kasi ya tumbo humfaa kila mtu

Zoezi la kutoa pumzi kwa mikupuo ya haraka, liitwalo kapalabhati, halimfai mjamzito, mwenye shinikizo la damu lisilodhibitiwa, mwenye ngiri, wala aliyepasuliwa tumbo karibuni. Hao watosheke na pumzi ya polepole, na matembezi ya dakika kumi au kumi na tano baada ya chakula, ambayo pia husaidia kuzuia sukari isipande sana katika damu.