Fikra bunifu kazini ni nini hasa?

Tukisikia fulani ni mbunifu, wengi wetu humfikiria mchoraji, mshonaji wa mitindo au mtunzi wa mashairi. Siku hizi matangazo ya kazi yanamdai ubunifu hata karani wa ghala, na hapo hakuna anayemtaka achore. Wala si kubuni kule kwingine, kwa kutunga lisilokuwapo; mhasibu mwenye kipaji hicho huishia mahakamani.

Fikra bunifu ni uwezo wa kuona njia isiyozoeleka ya kutatua tatizo, na njia hiyo ikafaa. Sharti la pili husahaulika. Wazo geni lisilomsaidia yeyote ni kituko tu.

Tuchukue M-Pesa. Mwaka 2005, nchini Kenya, Vodafone na Safaricom walianza kujaribu huduma ya simu yenye lengo dogo: wateja wa Faulu, taasisi ya mikopo midogo, walipe marejesho yao bila kubeba noti. Watu walipoipata wakaitumia watakavyo. Wapo waliomlipia mwenzao rejesho, naye akawafidia kwa namna nyingine. Wapo wasafiri walioweka pesa kwa wakala asubuhi, wakapanda gari mfukoni hamna kitu, wakazitoa walikoshuka. Wengine waliwatumia jamaa zao kijijini.

Meneja mwingine angeandika kwenye ripoti: wateja hawafuati utaratibu. Wenye mradi wakaona kwamba huo utundu ndio biashara yenyewe. Marejesho ya mikopo yakawekwa kando, na Machi 2007 M-Pesa ikazinduliwa kama huduma ya kutumiana pesa. Hakuna aliyelazimika kununua simu ya bei. Zile za kubofya zilitosha.

Ripoti ya Jukwaa la Uchumi Duniani ya 2023 kuhusu mustakabali wa ajira iliipa fikra bunifu nafasi ya pili kati ya stadi ambazo waajiri waliziona za msingi, nyuma ya fikra changanuzi. Si ajabu. Kazi yenye kanuni, kama kujumlisha, kupanga majina au kujibu barua za kila siku, kompyuta inaifanya, na akili mnemba inazidi kuimeza. Lakini kumwona msafiri yule anayeweka pesa asubuhi na kuzitoa mchana, ukajiuliza anakwepa nini njiani, bado kunahitaji mtu aliyesimama pale dukani kwa wakala.